Nyumba Isiyo na Ardhi

Nianze na mwenye nyumba, kwa sababu bado nina hasira naye na sitaki ipoe kabla sijaiandika. Ni mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kusomea watu risala, na kila alipopita mlangoni kwangu alichungulia ndani kwanza ndipo akasalimu. Nyumba zake ziko Kisian, nyuma ya vibanda vya barabara ya Busia, mahali ambapo lori likipita vikombe vinagongana kabatini. Nilipanga kwake kwa sababu ukiondoa hayo malori pana utulivu, na kazi yangu inataka utulivu.

Mimi ni mfasiri. Nachukua vitabu vya afya na vya kilimo vilivyoandikwa kwa Kiingereza, navitia katika Kiswahili, na nimepata ugonjwa wa watu wa kazi hii: sichanganyi lugha. Mtu akiniambia amebuku apointimenti, nakunja uso kabla sijamwelewa. Huku kwetu hiyo si tabia ya kumpatia mtu marafiki. Wanawake wa nyanya pale stendi wananiita Redio, na wakiniona naja wananyoosha midomo wanasema "hujambo bibiye" halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nawaacha wacheke. Nyanya nanunua kwingine.

Chombo changu cha kazi ni kompyuta ya mezani, ya mtumba, yenye kasha la bati jeusi. Kasha hilo nililiweka juu ya kigoda kando ya meza ili maji ya kupigia deki yasilifikie. Lilikaa hapo muda mrefu bila kumsumbua mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusumbuliwa. Nilikuwa naishi peke yangu, na ndani ya nyumba navaa patipati za mpira.

Kisha mama yangu akaja na kidonda chake.

Mama ni mtu wa Usenge. Ameanika omena ufuoni tangu ujana wake, na ugonjwa wa sukari ulipompata ulianzia machoni ukashuka hadi miguuni. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kidogo tu, mtu angeweza kukifunika kwa ukucha. Daktari wa kliniki mjini Kisumu aliniita kando akaniambia bila kuzungusha: kikisafishwa na kufungwa upya kila siku kitapona, kikiachwa mguu utakatwa. Aliniambia mimi, hakumwambia yeye. Nikamweleza mama kwamba atakaa nami mpaka kidonda kifunge, na asiniletee habari za kuku wake, kuku wana watu wa kuwaangalia.

Alikubali kwa kununa. Mchana alikaa kwenye kiti karibu na meza yangu, akinitazama nikichapa, na mara kwa mara akauliza kama hayo maneno yote yanatoka kichwani kwangu au yamo ndani ya hiyo mashine. Mguu wa bandeji haukuingia kiatu. Ule mzima nao akakataa kuuvika, akasema hawezi kutembea na kiatu kimoja kama mlevi aliyetoka matangani. Kwa hiyo mama alitembea peku kwenye sakafu yangu, ile sakafu nyekundu ya simenti ambayo naisugua mpaka inang'aa.

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kupiga deki. Mama alitaka kuinuka aende msalani, akashika kasha la kompyuta ili ajisukume. Mkono ukaruka kama umetupwa.

"Uwi!" akapiga kelele. "Stima imenishika!"

Nikaligusa kasha. Kimya. Nikaligusa tena, nikalipapasa kila upande. Bati tu.

Mama akanitazama miguuni. "Vua hizo," akasema.

Nikavua patipati, nikakanyaga sakafu yenye unyevu, nikaligusa kasha kwa mgongo wa mkono. Kitu kikaniuma kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, kidogo lakini kwa chuki, kama jino la panya. Nilirudi nyuma nikajigonga mezani. Mama alicheka kwa kuridhika, kwa sababu hakuna kinachomuudhi kama kutoaminiwa.

Nilimwita fundi wa kompyuta. Alikuja na pikipiki yake kutoka mjini, buti mpaka karibu na magoti, begi la vifaa mgongoni. Kwangu watu wanavua viatu mlangoni, kama nyumba nyingi za huku, na hata pasta amevua. Huyu akasimama kizingitini.

"Madam, mimi niko kazini," akasema. "Fundi havuangi."

Akaingia na buti zake akaniachia matope hadi kwenye meza. Akaweka kiganja juu ya kasha kama mtu anayempapasa ng'ombe wa kuuza. "Si unaona? Hakuna kitu. Hii iko sawa kabisa."

"Vua viatu ushike tena," nikamwambia.

"Madam, si nimekuambia..."

"Vua."

Tulibishana juu ya zile buti muda mrefu kuliko alivyoichunguza mashine. Mama akatia neno lake kwa Kijaluo, kwamba labda kijana hakunawa miguu. Hapo akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka na kidole chote kiko nje, ndipo nikaelewa ukaidi wake. Akashika kasha. Akaruka, akaangusha kikombe changu, chai ikamwagika juu ya karatasi za watu.

"Hiyo ni static tu," akasema akivaa soksi haraka. "Ni kitu ya kawaida."

"Kama ni ya kawaida, mbona chai yangu iko chini?"

Aliichukua mashine akakaa nayo, akairudisha akisema ametia kisanduku kipya cha umeme ndani yake, na kile cha zamani kilikuwa kimechoka. Nikavua patipati mbele yake nikagusa. Ikaniuma vilevile. Alivaa begi lake akasema kwamba kusema ukweli watu siku hizi wanatumia laptop. Nilimsindikiza hadi barabarani, si kwa heshima, nilitaka kuhakikisha ameondoka.

Nikamkataza mama kugusa kasha, nikalifunika kwa leso. Nikatandika maboksi sakafuni njia yote ya kwenda msalani, mama akajikwaa juu yake karibu aanguke, nikayaondoa. Nilipokuwa sifanyi kazi nilichomoa waya ukutani. Nilidhani nimemaliza. Kisha siku nyingine, mama anafungua friji kutoa dawa yake ya sindano, mkono wa friji nao ukamuuma. Chupa ya dawa ikaanguka ikavunjika.

Hakupiga kelele mara hii. Alirudi kitini polepole akafuta mkono kwenye nguo.

"Nyara," akaniambia, na anaponiita binti yake kwa sauti hiyo najua ameshaamua kitu. "Hii nyumba haitaki mimi."

"Mama, nyumba haina akili. Inakuuma kwa sababu uko peku."

"Wewe na viatu hapana. Fundi na buti hapana. Mimi tu. Sasa ni mguu yangu ndiyo mbaya?"

Nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonifikirisha: kama friji inauma na kompyuta inauma, hayo si magonjwa mawili. Nikaifunga kompyuta kwenye shuka, nikampa mwenye bodaboda aibebe mbele yake kama mtoto, tukaenda nayo mjini kwenye duka la vifaa vya umeme. Nilitaka kuiona ikiwaka ndani ya nyumba nyingine.

Mwenye duka ni mtu wa kutoka Nyeri, amekaa Kisumu miaka mingi na sijamwona akimpenda mtu yeyote wa Kisumu.

"Hapa si hospitali ya kompyuta," akasema. "Unanunua ama unatoka?"

Nikanunua testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, nikamwambia sasa mimi ni mteja na naomba soketi. Akaichomeka mashine huku akinung'unika. Akagusa kasha kwa testa. Taa haikuwaka. Mimi nikavua viatu dukani kwake, mbele ya watu, nikakanyaga simenti nikashika kasha kwa mikono miwili. Kimya kabisa.

"Mashine yako ni mzima," akasema. "Nyumba yako ndiyo mgonjwa. Enda uliza landlord kama iko na earth."

Akanieleza huku anamhudumia mwingine, bila kunitazama. Mashine kama ile huvujisha umeme kidogo kwenye bati lake, hata ikiwa mpya. Kila nyumba inatakiwa kuwa na waya wa kijani unaoshuka hadi kwenye chuma kilichopigwa ndani ya udongo, na umeme uliovuja unateremka humo unapotelea chini. Waya huo usipokuwepo, umeme unabaki kwenye bati unamngoja mtu aliye peku. Nilishukuru, akasema nitoe mashine yangu juu ya meza yake.

Sasa hapa ndipo watu wanaponicheka, na wacheke. Njiani kurudi Kisian nilikuwa nalitafsiri lile neno, earth. Ni mazoea, siwezi kujizuia. Neno la Kiswahili lipo, nalijua, nimelitumia katika kitabu cha mafunzo ya umeme na mhariri hakuligusa. Nikamkuta mwenye nyumba kibarazani kwake, miguu ameinyoosha, anamenya karanga. Nikamwamkia vizuri.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kuuliza kama nyumba yangu ina ardhi."

Akaacha kumenya. "Kama iko na nini?"

"Ardhi. Nadhani haina. Na kama inayo, ningependa unioneshe iko wapi."

Lazima nieleze kwamba mwenye nyumba ana ndugu yake, tumbo moja, anayeishi ng'ambo ya safu ya mikonge nyuma ya nyumba zetu. Tangu baba yao afe wako kortini juu ya mahali mpaka unapopita, na hawajasalimiana. Mimi nilijua kwamba hawasalimiani. Sikuwa nawafikiria wao, nilikuwa namfikiria mama.

"Lowo?" akauliza kwa Kijaluo, na sauti yake ikashuka. "Umekuja kuniuliza mambo ya lowo?"

"Ndiyo, ardhi. Nimeambiwa mjini kwamba..."

"Umeambiwa na nani?"

"Na fundi."

"Fundi ama surveyor?"

"Mwalimu, kila nyumba inapaswa kuwa na ardhi, ni sheria. Ikikosekana watu wataumia."

Akasimama. Karanga zikamwagika kutoka mapajani. "Unanitisha? Nyar Usenge, unanitisha kwa boma ya baba yangu?"

Nyar Usenge, yaani binti wa Usenge, yaani mtu wa kuja. Nikamwambia simtishi, namweleza, na kwamba mama yangu ameshaumia tayari.

"Mama yako ametoka Usenge kuja kudai ardhi yangu?"

"Hadai! Anataka tu iwepo!"

"Ni owada amekutuma," akasema. Yaani ndugu yake. "Umekula kwake? Amekupea nini? Mwisho wa mwezi uhame. Na nisione fundi, nisione surveyor, nisione mtu na kamba ya kupima kwa hii ploti."

Alipiga kelele hadi wapangaji wengine wakatoka nje na ndoo mikononi. Mimi nilisimama pale kama mjinga, nikiwa na testa mkononi, nikijaribu kuelewa nimemtukania nini. Nilielewa nikiwa nimefika mlangoni kwangu. Nikageuka nirudi kumweleza, na yeye alikuwa ameshaingia ndani amefunga. Siku zilizofuata kila niliponyanyua mkono kumsalimu alitazama kwingine, na fundi wa umeme niliyemwita alirudishwa getini na mbwa.

Nasema mpaka leo kwamba neno lilikuwa sahihi. Angeniuliza ardhi gani, ningemjibu.

Mama alisikia yote kupitia dirishani. "Umeona?" akasema. "Hata mwenyewe anafukuza sisi." Akampigia simu kaka yangu, naye akaja na gari la kuazima, Probox, akasimama nje akitikisa funguo.

"Wacha mama aende home," akaniambia. "Atapumzika tu."

Nikasimama mlangoni nimeshika miimo yote miwili. Na kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na hilo tu, nikalitoa neno la daktari mbele ya mama mwenyewe: kidonda kisipoangaliwa watakata mguu. Kaka akatazama chini. Mama akanitazama mimi, akaweka mkono wake juu ya wangu akauondoa kwenye mwimo kidole kimoja kimoja.

"Basi wakate nikiwa kwangu," akasema.

Nilimfungia bandeji na dawa kwenye mfuko, nikamwonesha kaka namna ya kusafisha, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa ukali. Aliahidi kama anavyoahidi siku zote, kwa kuitikia "sawa, sawa" huku anawasha gari.

Walipoondoka nilichukua jembe. Nilikwenda nyuma ya nyumba, chini ya kisanduku cha mita, na waya wa kijani ulikuwepo. Uliteremka ukutani, ukaingia udongoni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na ardhi, nikajiambia, na nikaanza kuufukua. Ulikuwa umefunikwa juujuu tu. Niliufuata nimeinama, ukaelekea kwenye mikonge, ukapita katikati ya mikonge, na upande wa pili ukaishia hewani. Umekatwa. Mbele yake hatua chache kichwa cha chuma chenye ngozi ya shaba kilichomoza kutoka ardhini, katikati ya mahindi ya watu.

Ndugu mtu alikuwa anapalilia. Akanyooka akaniangalia. Urefu ni ule ule, sauti ni ile ile, na hata kuchungulia kwanza kabla ya kusalimu ni kulekule.

"Hiyo waya nilikata mimi," akasema, bila kuulizwa. "Na panga."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inavuka kwangu bila kusema hodi."

Nikamweleza habari za mama, kidonda, kompyuta, friji, yote. Alisikiliza vizuri, lazima niseme hivyo. Akasema pole. Kisha akasema kwamba chuma chenyewe hajakigusa wala hatakigusa, ni ushahidi wa korti. Kaka yake alikipiga hapo alipojenga nyumba, na sasa anasema kwamba kilipo chuma ndipo ulipokuwa mpaka. Yeye anasema kile chuma ni uvamizi.

"Kuja kortini useme umeona waya inaingia kwangu," akaniambia. "Mimi nakuunganishia."

"Nitasema nilichokiona. Unganisha leo."

"Kwanza korti."

"Mguu wa mama yangu hauwezi kungoja korti."

"Hata mimi nimengoja," akasema, akarudi kwenye magugu yake.

Nikaenda kwa mwenye nyumba kwa miguu yenye udongo. Nilimshikia waya wa kijani mbele ya uso wake, kipande nilichokuwa nimekikata mwishoni, nikamwambia hii ndiyo ardhi niliyokuwa naulizia, waya, waya huu, si shamba la baba yenu.

Akauangalia. Uso wake wote ukafunguka.

"Ah! Earth!" akasema. "Si ungesema earth, Madam? Sisi tumesoma."

Sijawahi kumpiga mtu mzima. Nataja tu kwamba siku hiyo nilipima umbali. Nikavuta pumzi, nikamwambia basi, Mwalimu, apige chuma kingine upande wake, nafasi iko tele, fundi atamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayemsikitikia mwanafunzi. "Hapana. Nikipiga ingine huku, nimesema ile ya kule si yangu. Lawyer amesema nisiguse kitu."

"Na kesi itaisha lini?"

"Iko karibu."

Uani kwake kuna mparachichi mkubwa unaozaa kila msimu. Kesi ilianza kabla haujapandwa.

Baada ya wiki nzima ya kuwabembeleza bure, nilirudi mjini kwa mtu wa Nyeri nikanunua chuma kama kile, kishikizo chake na nyundo kubwa. Nikachagua mahali nyuma ya jiko langu ambapo maji ya kuogea yanamwagika na udongo ni laini, jua likiwa utosini ili kila mtu anione. Nikaanza kupiga. Mikono ililegea mapema na chuma kilikuwa bado kimenifika kiunoni. Nikapumzika, nikaendelea. Mwenye nyumba akatokea na fimbo yake.

"Unaweka nini kwa ardhi yangu?"

"Ardhi," nikamwambia.

"Tenant hapandi kitu hapa! Toa hiyo chuma!"

Sikusimama. Alizunguka upande huu na ule akipiga picha kwa simu, za kumpelekea wakili, na ng'ambo ya mikonge nikaona kichwa cha ndugu yake kikiinuka na simu yake pia. Walinipiga picha wote wawili. Nafikiri ni kazi pekee waliyoifanya pamoja tangu baba yao azikwe. Nilipomaliza nilizima swichi kuu, nikakaza waya wa kijani kwenye chuma, nikafukia, nikawasha.

Kisha nikaingia ndani nikamwaga maji sakafuni makusudi. Testa haikuwaka kwenye kasha. Nikavua patipati nikasimama majini nikagusa friji, nikagusa kasha, kwanza kwa mgongo wa mkono, halafu kiganja kizima. Lilikuwa baridi na bubu kama sufuria. Nilikaa chini kwenye yale maji nikalia, na sikulia kwa furaha. Kazi yote ilikuwa imechukua mchana mmoja.

Nikapiga simu Usenge. Kaka akapokea. Nilitaka kumwambia mama arudi, nyumba haiumi tena. Akasema mama analala sana siku hizi, hataki chakula. Nikauliza kuhusu kidonda. Akasema "tunakiangalia."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Mama alikuwa ndani, na kabla sijauona mguu niliunusa. Bandeji nilizomfungia zilikuwa kwenye mfuko wao, fundo langu halijafunguliwa. Walikuwa wakitia majani yaliyopondwa, kwa sababu jirani alisema majani yanakausha. Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo sitayaandika, kwa Kijaluo, maana katika lugha hiyo naweza kutukana bila kutafuta neno. Tukambeba mama hadi hospitali ya Bondo. Waliukata mguu chini ya goti.

Wajomba waliuomba mguu hospitalini. Mwili wa mtu hautupwi ovyo, walisema, na hawakukosea. Ulifungwa kwenye shuka, ukaletwa nyumbani, kaka akachimba shimo dogo nyuma ya nyumba ya mama, mahali atakapolazwa mwenyewe siku yake ikifika. Mzee mmoja akasema sala fupi akionekana hajui hasa anamwombea nani. Kaka alilia. Mimi nilimtazama akilia.

Sasa mama yuko kwangu tena. Ilani ya kuhama mwenye nyumba aliimeza, baada ya wakili kumweleza kwamba mpangaji mwenye macho ni shahidi, hafukuzwi. Ndugu yake naye ananitumia salamu na mahindi mabichi kwa sababu hiyohiyo. Salamu sizipokei. Mahindi tunachemsha. Mama anakaa kwenye kiti kilekile kando ya meza, na akitaka kuinuka anashika kasha la kompyuta kwa mkono mmoja, gongo la kutembelea kwa mkono mwingine, anajisukuma. Kasha halimfanyi kitu. Mara ya kwanza alipolishika alingoja kidogo, kisha akaniambia, "Imenyamaza." Nikasema ndiyo. Nikaendelea kuchapa ukurasa ambao sikuuona.

Juzi mwenye nyumba alikuja kutoa pole. Alileta mkate na maziwa, akaingia na viatu vyake hadi katikati ya sakafu yangu, akasema maneno mazuri ya kanisani kuhusu uvumilivu. Mama akamshukuru. Akafika mlangoni, akageuka.

"Na ile chuma yenu ya huko nyuma, Madam," akasema. "Mkihama msing'oe. Tuelewane tu. Iko kwa ardhi yangu."

Nilifungua mdomo, na mama akaninyamazisha kwa gongo.

"Kaa na ardhi yako, Mwalimu," akamwambia. "Mimi yangu imeshaanza kunichukua. Imeanza na mguu."

Nikamfungulia mlango.